Kisanduku Kilichobaki Jangwani

Mwanangu, katika siku zangu zote za Riyadh, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyomkasirikia panya. Usicheke, kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile wasichana wa Pwani tulipokuwa tukienda Saudia kwa makundi. Mimi nilipata nyumba ya mwalimu wa chuo, mama mpole, ila akishika lake hageuki. Alifundisha habari za wanyama. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, na madam aliniahidi kuwa akimaliza safari ya jangwani na wanafunzi wake, atanitolea paspoti yangu kwa kafili, yaani mumewe aliyenidhamini, anipeleke Jeddah kwenye ndege za kwetu. Kwa mdomo nilisema inshallah, moyoni sikuamini. Wenzangu niliokuwa nikikutana nao sokoni Batha walishaahidiwa hivyohivyo, wakaambiwa bukra, bukra, kesho, kesho, mpaka wakachoka kuuliza.

Basi nikafuatana nao kuwapikia. Jioni wale mabinti wanafunzi walitega visanduku vya bati vyenye mlango wa kujifunga, ndani wametia siagi ya karanga, na pamba ili mnyama asife kwa baridi. Alfajiri wakavipitia. Aliyenaswa alipimwa uzito, mkia na masikio, kisha akaachiliwa palepale alipokamatwa. Nilikuwa nawatazama huku nateleka chai, roho yangu imeshafika uwanja wa ndege.

Wakati wa kufungasha, kisanduku kimoja hakionekani. Aliyekitega, binti mmoja jina lake Hind, alifunga utepe kichakani uwe alama, na upepo ukauchukua. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na bati jangwani ni tanuri. Dereva kashawasha gari. Nikasema, "Madam, ni panya tu. Halas, yamekwisha, twende."

Hakunifokea. Alijitanda shela yake vizuri, akanambia, "Rehema, mlango ule tumeufunga sisi. Halas itakuwa akishatoka."

Wakaanza kutafuta. Mimi nikabaki garini nimenuna, mpaka nikaona haya, nikashuka. Tulikikuta ubavuni mwa kichaka, nusu kimefukiwa na mchanga. Ndani mlikuwa na jarbua, kipanya cha miguu mirefu ya nyuma, amelala juu ya pamba yake anahema. Madam alimweka kivulini, akampa kipande cha tango, wala hakumpima chochote. Baada ya muda yule jarbua akainuka, akaruka mara mbili tatu, akatokomea. Hind alilia. Mimi nilicheka, hasira zote zikanitoka, maana palepale nilijua kwamba kwetu nitakwenda.

Na nilikwenda. Wiki ileile madam alinitia paspoti mkononi bila ya mimi kumkumbusha, tukashuka Jeddah, nikalala kwa jamaa zetu mtaa wa Bani Malik, na kesho yake nikapanda ndege.

Sasa wewe una nyumba yako, na umemleta yule binti kutoka Kwale akusaidie kulea. Ulimwambia Idd ataenda kwao. Jana nilimsikia akikuuliza, nawe ukamjibu "tutaona," macho yako kwenye simu. Sikulaumu, najua mtoto anachosha. Lakini hilo neno nalijua, ndiyo ileile bukra ya Batha, umeisema tu kwa Kiswahili. Mwanangu, ukimweka mtu ndani mwako, mlango ni wako kuufungua. Ufungue jua halijawa kali, kabla hajakuuliza mara ya pili. Mtoto niachie mimi, nimelea wa watu, wangu hatanishinda.

Mungu akujaalie mkono mwepesi wa kufungua, na siku utakayofungiwa wewe, akupe mtu wa kurudi kukutafuta. Haya, nenda kamwambie afunge mizigo yake.