Neno Nililomsahihishia Mama

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili baada ya ibada, mama mmoja aliingia katika kikao cha halmashauri ya kigango chetu bila kuitwa. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa katibu, na niliiandika pembeni mwa daftari. Tulikuwa wajumbe saba badala ya kumi na mmoja. Vijana wawili walikwenda Namungo kwenye mpira, na wengine wawili walibaki shambani kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye ufuta.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mama yule.

"Milele na milele, amina. Karibu, mama," alijibu mwenyekiti, mzee anayependa mzaha. "Umetuletea maandazi? Maana katibu wetu hapa anaandika mpaka watu wakipiga chafya, lazima ana njaa."

Wajumbe walicheka. Mama huyo alikuwa mjane na tulimfahamu sana. Maandazi yake tuliyanunua kila Jumapili. Ni Mmakua, wazazi wake walihamia huku kutoka Msumbiji, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwa desturi ya kwao mwenye kusemea mtoto ni mjomba, lakini kaka yake alikuwa amerudi Msumbiji miaka mingi iliyopita. Ndiyo sababu alikuja mwenyewe.

"Sikuleta maandazi. Nimeleta neno. Padre amemkanyaga mwanangu."

"Amemkanyaga na gari?" mwenyekiti aliuliza, naye alishtuka kweli.

"Siyo gari. Yeye mwenyewe. Kama ng'ombe anavyokanyaga ufuta, ukienda asubuhi umelala, hausimami tena."

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwimbaji wa kwaya. Padre huyo, Paroko wetu, alikuwa akija kigangoni kwetu kila baada ya wiki mbili na kulala katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, na jioni aliwafundisha watoto wa Kipaimara. Mjumbe wa akina mama aliuliza kwa sauti ya chini kama mtoto amesema mwenyewe. Mama akajibu kwamba amesema, na kwamba hii ni siku ya tatu hali chakula.

Hapo mwenyekiti alipumua kama mtu aliyepata njia ya kutokea.

"Lakini mama, ninyi na Paroko si watani?"

"Ni watani."

"Sasa! Watani wana mambo yao. Atakuwa kamtania mtoto, mtoto hajazoea."

"Huyu hata kaburini alilala," mzee mwingine aliongeza, na watu wakatabasamu.

Ilikuwa kweli. Paroko alitoka kabila ambalo ni watani wa Wamakua wa kwetu, na utani huo aliutumia vizuri mno. Katika msiba mmoja alishuka na kanzu yake ndani ya kaburi lililokuwa limechimbwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe jogoo. Waliofiwa walicheka huku wanalia. Alikuwa ametuzoesha hivyo: akichukua kitu chako, akikukamata mkono, akiingia jikoni kwako na kufunua sufuria, wewe unacheka. Asiyecheka ndiye aliyeonekana hana adabu.

Mama hakucheka. Alisema, "Andikeni," akatoka.

Niliandika. Mimi niliishia darasa la saba. Ninayoyajua zaidi ya hapo nilijifundisha kwa kamusi, magazeti ya zamani na vitabu vya kuazima, na kazi yangu ni ukarani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, msimu wa korosho na msimu wa ufuta. Nimezoea kusahihisha Kiswahili cha watu, na sikuwahi kuliona hilo kuwa kosa. Neno "amemkanyaga" niliona halikukaa sawa. Nilitafuta neno la heshima ambalo watu waliosoma hulitumia wanapotaka kusema jambo la aibu bila kuchafua karatasi. Nikaandika, chini ya kifungu cha Mengineyo: "Mama mmoja amelalamika kwamba Paroko amemchezea binti yake." Nilifunga daftari nikiamini nimemsaidia.

Muhtasari ulikwenda parokiani, na nakala nikaituma makao ya jimbo kwa basi. Nilimwambia mama asubiri, utaratibu unafuatwa. Alimpeleka binti kwa dada yake mkubwa, kijijini Chunyu, akawa anakuja kuniuliza kila siku ya gulio.

"Bado, mama."

"Barua ni nzito eti? Basi haliwezi kuibeba?"

Wiki ya sita alikuja padre aliyetumwa na Askofu, mtu mpole mwenye mvi. Tulikaa wanne katika chumba cha mikutano: yeye, mwenyekiti, mama na mimi. Alitoa karatasi iliyopigwa chapa huko jimboni, akasoma kwamba uongozi umepokea taarifa ya kutoelewana kati ya Paroko na familia moja, kutokana na mchezo wa utani.

"Mama, ninyi ni watani na Paroko?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mmekuwa mkichezeana utani?"

"Ndiyo, Baba. Wote hapa wanajua."

"Basi tumeelewana. Paroko ameonywa apunguze utani, hasa kwa watoto. Na ili mioyo itulie, Baba Askofu anamhamishia parokia nyingine, upande wa Ruangwa." Aliweka bahasha ya kaki mbele ya mama. "Hii ni pole yako, mama. Ya sabuni."

Nilimuuliza ni parokia ipi. Aliitaja. Kila mtu wa huku anaijua, kwa sababu ina bweni la wasichana wanaosoma sekondari.

Gari la padre huyo lilipoondoka mama alibaki amekaa, bahasha haijaguswa.

"Katibu, mimi nimesema ndiyo, ndiyo. Nimekubali nini?"

Nilimwelezea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mimi nilisema mwanangu kachezewa?"

"Hapana, mama."

"Nilisema nini?"

"Ulisema kakanyagwa."

"Sasa hilo la kuchezewa limetoka wapi?"

"Kwangu."

Mwenyekiti aliangalia nje. Nilijaribu kueleza kwamba katika Kiswahili kilichonyooka neno hilo linabeba maana ileile. Mama alinikata.

"Wewe una kamusi, mimi sina. Lakini neno langu lingefika kwa Askofu, angeuliza kama mzee huyu alivyouliza: amemkanyaga na gari? Angeuliza! La kwako hakuuliza mtu."

 Mizani ikikosea, mkulima ana haki ya kupimiwa upya mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa nimempunguzia mama huyu uzito kwa wiki sita, na sasa mtu yule alikuwa anapelekwa kwenye bweni la watoto wa kike.

Kesho yake tulimfuata binti kule Chunyu, tukaenda polisi Nachingwea mjini, kwenye dawati la jinsia na watoto. Askari wa kike aliingia na mtoto na mama yake ndani, mimi nikabaki kwenye benchi. Walikaa saa moja na nusu. Alipotoka aliniita mimi.

"Wewe ulijua lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Ukafanya nini?"

"Nilifuata utaratibu wa Kanisa."

"Mzee, na huu wa kwetu uliambiwa umefungwa?"

Aliandika jibu langu la utaratibu kama nilivyolitamka. Sikumwomba alisahihishe.

Siku iliyofuata mama alitaka twende kwa Askofu. Nilimwambia polisi wameshachukua jambo. Alisema, "Polisi watamtafuta aliyekanyaga. Mimi namtaka anayemhamisha." Alibeba bahasha ndani ya khanga, bado imefungwa.

Askofu alitupokea ofisini. Alikuwa na nakala ya muhtasari wangu mezani, na nadhani alikuwa amepigiwa simu na polisi.

"Mngekuja kwangu kwanza," alisema.

"Tulikuja kwanza, Baba Askofu," nilimjibu. "Ndiyo hiyo iliyo mbele yako."

"Iliyo mbele yangu inasema mambo ya utani."

"Kosa la neno ni langu. Lakini hakuna aliyemuuliza mtoto."

 Kisha alizungumza juu ya jina la Kanisa, waamini wadogo wanaoweza kuyumba, na padre ambaye naye ana mama yake. Hakuzungumza kwa ukali. Naamini alikuwa mtu aliyechoka. Mama alimngoja amalize.

"Baba Askofu, kule unakompeleka kuna watoto wangapi?"

 Askofu alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. Baadaye akasema uhamisho umesimama, na kwamba Paroko hatatoa huduma popote mpaka serikali na Kanisa wamalize uchunguzi wao. Niliomba tupewe kwa maandishi. Alisema maandishi yatafuata.

Mama alitoa bahasha. "Hii irudi ilikotoka."

Sista mhasibu aliitwa. Aliipokea, akataka kuondoka nayo, nami kwa mazoea ya kazi nikasema tunaomba stakabadhi. Kwetu mkulima haachi hata kilo moja ghalani bila karatasi. Sista alileta kitabu, akaifungua bahasha, akahesabu mbele yetu kwa mara ya kwanza. Alipofika kwenye mstari wa "Kwa ajili ya" aliandika: msaada uliorudishwa.

"Kaandika nini?" mama aliniuliza.

Nilimsomea.

"Sikuomba msaada mimi."

"Mama, ni lugha ya kihasibu tu," alisema Sista.

"Huyu naye alikuwa na lugha ya kikatibu tu."

Sista alimtazama Askofu.  "Andika anavyosema mama," alisema Askofu, akasimama, akaelekea dirishani. Sista aliifuta stakabadhi ile kwa mistari miwili, akaanza nyingine. Mama alitamka, neno moja moja, na mimi sikufungua mdomo.

Maandishi yaliyoahidiwa hayajafika. Paroko hakwenda Ruangwa. Kesi iko mahakamani, imeahirishwa mara nne, na binti amerudi shule lakini si kwaya. Katika kikao kilichofuata nilisoma marekebisho ya muhtasari, nikaomba kuacha ukatibu. Wajumbe walikubali la kwanza na kulikataa la pili. Baadhi ya waamini hawanisalimii. Maandazi ya mama yananunuliwa nusu ya zamani.

Stakabadhi halisi iko kwa mwendesha mashtaka. Hiyo ndiyo karatasi pekee ya jimbo inayosema kilichotokea, ina mhuri na sahihi ya Sista. Nakala ninayo, na naiandika hapa bila kugusa neno: Imepokelewa kutoka kwa mama wa mtoto. Kwa ajili ya: kurudisha hela alizopewa anyamaze, kwa sababu Padre amemkanyaga mwanangu. Shilingi laki mbili na elfu arobaini tu.