Baridi Iliyozidi

Shangazi yangu alikuwa fundi wa friji, na mtaani walimwita Bi Kwanini. Jina hilo alilipata utotoni akalibeba bila kununa, maana kweli alikuwa haishi kuuliza. Ukimwambia mvua inakuja, atataka kujua umejuaje. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema alioa mke akapewa na hakimu juu.

Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Alipokuwa na miaka sita, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba. Yeye akajificha uvunguni mwa kitanda, mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu, akakamatwa na kuchanjwa. Miezi miwili haikupita ndui ikaingia nyumbani. Shangazi alilala wiki tatu, mguu mmoja duniani na mwingine kaburini. Baba, aliyekuwa akilala naye mkeka mmoja, hakupata hata kipele. Shangazi aliuliza kila mtu kwa nini yeye na si mdogo wake, akajibiwa ni mapenzi ya Mungu. Hakulikataa jibu hilo, ila halikumshibisha.

Basi alipoitwa kutengeneza friji ya chanjo kwenye zahanati ya mtaa, alikwenda kama anayekwenda harusini. Friji ilikuwa imekwisha gesi, na vichupa vya chanjo vimehamishiwa kwenye sanduku la barafu. Alishinda nayo kutwa: akaziba palipovuja, akajaza gesi, akabadili themostati inayoongoza baridi. Mikono ikifanya kazi, mdomo ulikuwa ukimhoji muuguzi mkuu, mama mmoja mpole ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Sista. Sista alimweleza kwamba chanjo huufundisha mwili kumjua adui kabla hajafika, kama mlinzi wa getini anayeonyeshwa picha ya mwizi. Akamwambia pia kwamba ndui imekwisha duniani kote, hakuna mgonjwa hata mmoja. Shangazi aliweka bisibisi chini, akajigusa shavu. Alituambia baadaye kwamba aliona ajabu kutembea na alama ya kitu kisichokuwepo tena.

Kabla hajafunga kazi, Sista alimwomba aweke baridi kali kabisa, kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika ovyo. Kipimajoto cha friji kilikuwa kimevunjika, wakisubiri kingine. Shangazi akazungusha kitufe hadi mwisho, akajisifu kwamba sasa hata jua likiingizwa humo litaganda.

Mwaka mmoja baadaye, mjukuu wake wa miezi minane alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha mfululizo, kinamkaba mpaka midomo inabadilika rangi, kisha pumzi inaingia kwa mlio na mtoto anatapika. Hospitali ya wilaya ikasema ni kifaduro. Daktari akaitazama kadi yake: sindano zote tatu zimo. Akasema wakati mwingine chanjo haishiki. Shangazi akauliza haishiki kwa nini, na daktari, ambaye wodi yake ilikuwa imejaa, akamwomba radhi akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mtoto alilazwa siku tisa, akapona, ingawa kikohozi kilimganda wiki nyingi. Lakini siku hizo tisa shangazi hakukaa bure. Aliwaona wodini watoto wengine wawili wa mtaani kwetu, nao wana kifaduro. Akawaomba mama zao kadi. Wote walichanjwa pale pale, zahanati ile ile.

Alipotoka hospitali hakupitia hata nyumbani. Alikwenda kwa Sista, akaomba friji ifunguliwe. Vichupa vya nyuma vilikuwa vimeng'ang'ania utando wa barafu. Akamwambia Sista kwamba maziwa yakiganda kuwa barafu kisha yakayeyuka hukatika, na kunywa utakunywa, lakini si maziwa yale tena. Je, dawa hii?

Sista aliinuka. Kisha akavuta droo, akatoa kijitabu cha zamani cha chanjo, akakipekua hadi akaupata ukurasa wenye kipimo cha kutambua chanjo iliyoganda.

Asubuhi hiyo mzigo mpya ulikuwa umefika kutoka wilayani, kwa bahati wa toleo lile lile la kiwandani kama vichupa vya frijini. Walitwaa vichupa viwili vya mzigo huo. Kimoja wakakigandisha kwa makusudi, kesho yake wakakiyeyusha. Cha tatu wakakitoa kule nyuma, ndani ya friji. Wakavitikisa vyote, wakavisimamisha mezani, wakavuta viti. Kichupa kisichogandishwa kilibaki na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Kilichogandishwa kilianza kushusha chembechembe, juu pakabaki maji maangavu. Nusu saa haijaisha, kile cha friji kikawa kimefanana nacho kama pacha.

"Ni mimi," shangazi alisema. "Kitufe nilikizungusha mimi."

"Na mimi ndiye niliyekuomba. Nitaandika kwamba friji ilikuwa mbovu, yaishe."

"Friji haikukosea, Sista. Ilifanya nilichoiambia."

Ikaandikwa ilivyokuwa. Wilaya ikaleta dawa mpya na kipimajoto, na daftari la zahanati likatoa majina ya watoto sabini na wawili wa kuchanjwa upya. Wanawake hao wawili walizunguka nyumba kwa nyumba karibu mwezi mzima. Katika kila mlango shangazi alitaja kosa lake mwenyewe, akaeleza kwamba dawa ile haikuwadhuru watoto, ila haikuwalinda. Wengine walimsikiliza, mmoja akamfungia mlango. Baba mmoja alimwambia bora angeuza mkaa. Shangazi akajibu kwamba huenda ni kweli, lakini Jumanne amlete mtoto. Alimleta.

Baadaye wilaya ilimwomba akague friji za zahanati nyingine kumi na nne. Tano alizikuta zinagandisha. Kila themostati aliitia alama ya rangi nyekundu, mahali ambapo mkono usivuke.

Jambo moja lilizidi kumkereketa. Joto kuiua dawa alielewa, lakini baridi, ambayo ndiyo inayoitunza? Kijitabu kilisema chembe zake hugandamana. Sawa, barafu ikiyeyuka mbona haziachani? Alimuuliza daktari yule wa wilaya, naye akakiri hajui. Wiki mbili baadaye daktari alikuja karakana kwake na mchoro wa chembe hizo kwenye karatasi. Shangazi alifuta mikono, akamvutia kigoda, wakainamia karatasi ile mpaka saa ya kufunga.