Kijana Niliyemwambia Arudi Kwao

Kijana wa Ukraine aliyekaa nyumbani kwangu Gitting miezi saba aliuawa vitani kwao, na miaka thelathini hakuifikisha. Watu wa hapa wakimkumbuka wanakumbuka kombaini. Mimi nakumbuka kwamba aliniuliza swali, nikamjibu vibaya.

Alikuja kwa sababu ya mashine. Tajiri mmoja mwenye mashamba ya ngano alinunua kombaini mbili za kuvunia zilizotumika, zikaja kutoka Ukraine zimefunguliwa vipande vipande, na kijana huyo akatumwa azifunge na kuwafundisha madereva. Nyumba za wageni ziko Katesh, mbali na shamba, basi msimamizi akaja kuniomba chumba. Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu, na chumba cha mwanangu kilikuwa wazi tangu alipohamia Arusha. Nilikubali, ila nilikuwa na wasiwasi na choo. Nilidhani mzungu atashindwa choo cha shimo, aanze kunilalamikia.

Siku ya tatu nikamkuta huko nje, ameng'oa mlango wa choo uliokuwa umelegea, anaufunga bawaba mpya. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba kijijini kwa bibi yake choo ni hicho hicho, tena kwao wakati wa baridi ni kibaya zaidi. Tangu siku hiyo sikumwita mgeni.

Kiswahili alikipata kwa madereva, kwa hiyo kilikuja kimechanganyika na matusi. Jioni nilikaa naye nikamsahihisha kama mtoto wa darasa la tatu. Asubuhi alisimama mlangoni mwa jiko, akangoja nigeuke, ndipo aseme, "Shikamoo, aayo." Aayo ni mama kwa Kiiraqw, hilo nalo walimfundisha madereva, na hilo niliwashukuru. Kaka yangu wa Tumati analima vitunguu saumu, na kila alipokuja kunisalimu aliniletea. Huyu kijana alivila vibichi, kimoja baada ya kingine, na mkate na chumvi. Nilimwambia kwa harufu hiyo hatapata msichana hata mmoja Hanang nzima. Akasema wasichana wa kwao nao wanakula, kwa hiyo hakuna anayemsikia mwenzake.

Kazi yake aliijua. Wakati wa kuvuna alipita shambani akivunja masuke, akizisugua punje kiganjani, akizitafuna, kisha anasema leo tunakata au leo tunangoja. Tajiri alikuwa na kipimo cha unyevu cha kisasa. Madereva waliacha kukiangalia, wakawa wanamwangalia yeye mdomo.

Vita vilianza kwao mwezi wa pili, sisi tukiwa tunatayarisha mashamba kwa kupanda. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, simu mkononi, hajanawa hata uso. Hakunisalimu. Alinionyesha picha ya jengo la ghorofa lililotobolewa ubavuni, mapazia yakining'inia nje. Akasema, "Huu ni mtaa wa shule yangu." Mama yake alikuwa amejificha chini ya nyumba pamoja na majirani. Kijana alikuwa mtoto wake pekee.

Nitasema na hili, kwa kuwa lilitokea. Hapa kijijini hakuna aliyempa pole kama tunavyopeana pole hata ng'ombe akifa. Kwenye kilabu cha pombe wengine walishangilia upande wa pili, kama mpira, nao hawajui hata nchi hizo ziko wapi kwenye ramani. Niliwafundisha mimi hiyo ramani, na hawakuishika. Madereva walewale aliowafundisha kazi wakaanza kumtania: "Wenzako wanapigana, wewe umekuja kujificha kwa mama wa Gitting." Alicheka nao. Lakini mezani hakumaliza chakula.

Zikapita wiki tatu. Alasiri moja nilikuwa uani nachambua maharage ya mbegu, yeye akarudi kutoka shambani mapema, akakaa chini karibu na ungo.

"Mama, wewe ungekuwa mimi, ungerudi?"

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Baada ya kuvuna. Bosi anasema nikae hata mwaka mwingine, hakuna shida."

"Na mama yako anasemaje?"

"Anasema nisije. Analia. Anasema, kaa huko huko Afrika."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Mama yake alikwisha kusema, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kuongeza neno. Badala yake nikatumia ile sauti yangu ya darasani.

"Mama lazima aseme hivyo," nikamwambia. "Lakini nchi yako imevamiwa, wenzako wako huko, wewe unakaa hapa unapaka grisi mashine za watu? Wanakucheka, unajua. Nenda kwenu."

Akaokota haragwe moja bovu kwenye ungo, akalirushia kuku.

"Sawa, aayo," akasema.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba siku ile nilisema kwa ajili ya heshima yake. Si kweli. Wiki ileile mwanangu alikuwa amenipigia simu kwamba Pasaka atakuja na mchumba wake, na mimi nilikitaka chumba. Sikukifikiria waziwazi nilipokuwa nasema, lakini kilikuwepo kichwani, na nilipomwona anafunga begi wazo langu la kwanza lilikuwa mashuka. Na kama mwanangu mwenyewe angeniuliza swali lile, ningemficha kwenye kihenge cha mahindi, nikakalia mfuniko mimi mwenyewe, waje askari wa nchi yoyote wanikute hapo.

Nilimsindikiza hadi stendi ya Katesh. Akanikumbatia mbele za watu, nikaona haya, nikamsukuma kidogo. Basi likaondoka. Pasaka ilifika na mwanangu hakuja. Alisema kazi zimembana. Chumba kilikaa kitupu, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa.

Mwanzoni yule kijana alituma picha nyingi: yeye na wenzake wamenyoa vichwa, yeye anakoroga sufuria msituni, yeye chini ya gari la jeshi, miguu tu inaonekana. Walimpa kazi ya kutengeneza magari. Nilifurahi, nikajiambia fundi hafiki mbele. Halafu picha zikapungua, na kwenye zile chache uso wake ulikuwa wa mtu mzima nisiyemjua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na mbili, mlima Hanang ulimomonyoka, tope na mawe vikashuka hadi Katesh. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi Jorodom, huko huko Katesh. Aliokoka kwa kupanda juu ya ukuta wa jirani. Nyumba ilijaa tope hadi kwenye madirisha, na mume wake walimpata siku ya pili. Siku hizo simu yangu haikutulia: ndugu, wanafunzi wa zamani, watu wa kanisani. Tajiri wa kombaini hakupiga. Mwanangu alituma ujumbe, "Pole sana mama." Ndipo ukaja ujumbe wa sauti kutoka vitani.

"Shikamoo, aayo. Nimeona mlima wetu kwenye simu. Wewe mzima? Watu wako wazima? Nijibu, tafadhali."

Nyuma yake kulikuwa na kishindo, na mtu akipiga kelele kwa lugha yao. Alisema mlima wetu. Nilimjibu siku nne baadaye, tulipokwisha kuzika: "Mimi mzima. Shemeji yangu amefariki. Jitunze." Akarudisha picha ya mshumaa uliowashwa ndani ya kopo la nyama. Baada ya hapo sikumsikia tena.

Mwezi wa nne ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na simu. "Habari mama. Mimi ni mama yake. Mwanangu alianguka shambani mwezi wa tatu." Nikadhani amepata ruhusa ya kwenda nyumbani, akapanda mashine, akateleza. Nikaandika haraka: ameumia wapi, yuko hospitali gani? Jibu lilichelewa. Likaja neno moja: "Amekufa." Ndipo nikaelewa ameanguka kwa namna gani, na shamba gani lile.

Nilipeleka nia ya misa kanisani. Katekista akaniambia jina lile hawezi kuliandika wala padri hataweza kulisoma, kwa hiyo Jumapili tukasali kwa ajili ya "marehemu Mzungu wa kombaini". Mimi nililijua jina lake lote, na la baba yake. Ningeweza kulitamka mbele ya kanisa zima kama wangeniruhusu. Tulipotoka, dereva mmoja alinifuata hadi getini. Alivua kofia. Nikadhani ananipa pole.

"Mwalimu, sasa vipuri tutaagiza kwa nani?"

Kisha mama yake akaandika tena. Huu ndio ujumbe nisioweza kuufuta: "Mimi nilimwambia akae huko. Aliniambia mama wa Afrika ni mtu wa akili, anamsikiliza. Mbona alirudi? Kuna mtu alimwambia arudi?"

Nilikaa na simu hadi ikazima chaji. Nikaichaji, nikaandika: "Aliamua mwenyewe. Alikuwa jasiri." Mwalimu wa miaka thelathini na minne kazini, niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo.

Akajibu: "Asante, mama. Sasa nina amani kidogo." Akanitumia picha ya kaburi lenye bendera, na pembeni yake kaburi jingine, na jingine, hadi mwisho wa picha.

Mdogo wangu, anayekaa nami tangu yale matope, anasema niseme ukweli. Anasema yeye angetaka kujua. Nimeandika mara tatu, nimefuta mara tatu. Mara ya mwisho nilijiuliza ukweli huo ungemfaa nani, yeye au mimi, na sikupata jibu lililonipendeza.

Krismasi mwanangu alikuja hatimaye, bila mchumba, waliachana. Amenenepa. Alikaa mezani akalalamika kwamba mtandao wa Gitting ni mbovu, kwamba barabara ni mbovu, kwamba kitanda kile kinamuumiza mgongo. Nilimtazama anavyotafuna, na kwa dakika nzima nilimchukia kwa sababu ni mzima. Kisha akasogeza sahani yake, nikamwongezea nyama.