Kivuli cha Mzee Kaza

Mume wangu wanamwita Kaza. Jina lake la kuzaliwa huwa nakutana nalo kwenye kadi ya hospitali tu, na kila mara najiuliza kwanza huyu ni nani. Miaka thelathini na moja alifunga mizigo kwenye malori: magunia, mbao, majokofu, safari moja hata kabati la kioo la watu wazito. Alitandika turubai juu, akapitisha kamba, akapaza sauti, "Kaza! Kaza tena!" Mzigo wake haukuwahi kudondoka njiani, na hilo atakuambia kabla hujamaliza kumsalimia.

Nyumbani nako hakupumzika. Gunia la mkaa akilifunga yeye, mimi nahangaika nalo robo saa sijapika. Nikichukua kisu anapiga kelele utadhani nataka kumchinja yeye. "Mama watoto, kamba haikatwi, inafunguliwa!" Haya, kuifungua sijui, na kunionyesha hanionyeshi. Kamba zake haziguswi hata moja. Nilikuwa nawaambia mashoga zangu kwamba mume wangu ana mke wa pili, amejikunja kwenye ndoo nyuma ya mlango.

Tulipohamia nyumba hii aliniahidi kitu kimoja. Vyumba ni viwili, bati juu, dari hakuna, na msimu wa joto ukiingia, ikifika saa tano asubuhi humo ndani hapakaliki. Uani tuna nafasi nzuri ya saruji, lakini jua linapiga moja kwa moja. "Nikistaafu," akasema, "nitakufungia kivuli hapa. Kwa mikono yangu mwenyewe." Nikasubiri miaka kumi na minne. Akastaafu, na mwaka huohuo mikono ikaanza kutetemeka.

Daktari alisema ni ugonjwa wa neva, dawa zinapunguza tu, haziponyi. Kaza hakutaka uzungumzwe. Akaanza kutembea mikono mfukoni, hata kwenye joto, hata akiongea na watu. Mimi nikaanza kummiminia chai nusu kikombe isimwagike.

Msimu wa joto ulipokaribia akatangaza kwamba tunakwenda dukani kuchagua cha kufunga uani. Nilielewa. Alitaka kutimiza ahadi yake kabla mikono haijamkimbia kabisa. Jua mimi nimelizoea, ningevumilia mwaka mwingine. Nilichokuwa namwomba Mungu ni kwamba mzee wangu aweze.

Dukani mimi nikavutwa na turubai moja la mistari myekundu na myeupe, lina mashada pembeni. "Hili hapa! Tazama lilivyo zuri."

"Zuri la kupigia picha," Kaza akasema. "Turubai ni la mzigo, siyo la watu. Halipitishi hewa, ukikaa chini yake unaiva. Halafu upepo ukiingia kwa chini, linaondoka na nguzo zake."

Dada muuzaji akaleta neti ya kivuli, rangi ya mchanga, ina pete za chuma kwenye pembe. Kaza hakuigusa. Alisimama mikono mfukoni, akatoa amri. "Inyanyue juani. Igeuze. Vuta hiyo pete. Vuta kwa nguvu, kwani hujala leo?" Dada akavuta hadi akarudi nyuma hatua mbili, pete haikusogea. Kisha mzee akaagiza nifunikwe nayo mimi, kichwa kizima, mbele ya wateja.

"Unapumua?"

"Napumua."

"Unaniona?"

"Nakuona, na sura yako ni ileile, haina nafuu."

Dada akacheka mpaka akakaa kwenye boksi. Tukachukua hiyo.

Nguzo nne alizitengeneza jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma: mbili ndefu upande wa ukuta, mbili fupi upande wa pili, ili upepo ukija uteleze upite. Kila nguzo akaiwekea tundu juu la kupitishia kamba, na ndoano usawa wa kifua ya kuifungia. Alipomaliza akasema kwa heshima, "Mzee, nikumalizie na waya? Dakika tano tu."

"Waya? Kwenye uwanja wangu?" Kaza akamtazama kama aliyetukanwa. "Ahsante, baba. Nenda kapumzike."

Akafunga mwenyewe. Mimi nilijifanya nafagia ndani, nikachungulia kwenye pazia. Pembe ya kwanza ilimchukua karibu saa nzima. Ya tatu ilimponyoka mara nne, na kila ikimponyoka alitazama dirishani kuona kama nimeona. Mchana akaniita, jasho linamtiririka. "Haya bibie, kivuli chako." Nikapiga kigelegele. Lakini niliona mafundo yalivyolegea, na yeye aliona kwamba nimeona.

Alasiri upepo ukaja. Pembe moja ikafunguka, ya pili ikafuata, neti ikazoa nguo zangu zote za kamba ya kuanikia, ikaruka ukuta ikatua kwa fundi. Fundi akairudisha ameikunja vizuri, akaiweka mlangoni, akaondoka. Angetucheka ingekuwa nafuu.

Kaza akaingia ndani akalala, uso ukutani. Siku mbili nzima, katika joto lile la bati, hakutoka. Siku ya tatu akasema, bila kugeuka, "Mwite fundi afunge waya."

Hapo nikapandwa na hasira. Si kwa neti, jamani. Mume wangu nampenda, hata akinuna nampenda, lakini kumwona amejilaza kama gunia tupu kulinikata maini. Nikaenda kwenye ile ndoo nyuma ya mlango, nikachomoa kamba, nikamtupia kitandani.

"Simwiti mtu. Nifundishe mimi."

Akageuka. "Wewe? Hata kamba za viatu zinakushinda."

"Zinanishinda kwa sababu mwalimu alikuwa mchoyo! Miaka yote hii umenificha fundo moja, na mimi nimekupikia bila kukuficha kitu. Simama."

Akasimama. Nadhani alishangaa tu.

Nilimwekea kigoda katikati ya uwanja. "Kunja kitanzi katikati ya kamba," akaanza. "Siyo hivyo, hicho ni cha kufungia mbuzi. Pitisha ncha kwenye ndoano. Irudishe ndani ya kitanzi. Sasa vuta chini. Kaza! Kaza tena! Aa, basi, iachie kidogo, huu si mzigo wa safari." Nikakosea mara tano. Mara ya sita kamba ilinifunga kidole changu mwenyewe kwenye ndoano, na Kaza akacheka, kicheko chake kile kikubwa ambacho sikuwa nimekisikia tangu astaafu.

Kwenye pembe ya mwisho akainuka. Akatoa mkono mfukoni, akaushika wangu kunionyesha mahali pa kubana. Ukatetemeka, na wangu ukatetemeka nao. Sikuuondoa. Tukalifunga hivyohivyo, polepole, na lile ndilo fundo lililochukua muda kuliko yote.

Siku nne baadaye tumekaa chini ya neti yetu, mimi nina beseni la viazi, yeye ana redio, na upepo ukaja kwa fujo kuliko ule wa kwanza. Neti ikafura, ikashuka, ikafura tena. Nguzo zikalia kidogo. Hakuna pembe iliyofunguka.

Fundi akachungulia juu ya ukuta, amefurahi kweli, masikini. "Mzee Kaza! Nilijua tu! Mikono yako bado ipo!"

Mimi nilikwishafungua mdomo. Uongo wangu ulikuwa tayari: ningesema ndiyo, kafunga mwenyewe, unamjua lakini! Kaza akaniwahi. Akatoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele ya jirani, unatetemeka waziwazi, akanielekezea mimi.

"Mikono yangu?" akasema. "Ile pale, inamenya viazi."