Kufuli na Kipa wa Akiba

Jina lake halisi lilibaki kwenye pasi ya kusafiria. Kwingine kote aliitwa Kufuli. Kazi yake ilikuwa kukagua mizigo mlangoni mwa duka la jumla, na hata meneja wake alifunguliwa mfuko kabla ya kutoka. Langoni mwa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa mikono, alikosimama tangu usichana wake, mipira nayo haikupita ovyo. Tabia ilikuwa ile ile, mshahara tu ndio ulitofautiana.

Usidhani alikuwa mwanamke mbaya. Roho nzuri alikuwa nayo, ila hakuiacha wazi. Chupa yake ya maji aliitia alama ya kalamu ili ajue kama kuna aliyeinywa. Mumewe alishazoea kuulizwa ametoka wapi, hata akiwa ametoka chooni.

Basi kocha alipomwita kikosini binti wa mdogo wake wa kiume, awe kipa wa akiba, Kufuli alikosa usingizi. Ndugu walifurahi, shangazi na mpwa timu moja! Yeye aliwaza kwamba goli lina nafasi ya mtu mmoja. Magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika kwenye ngazi, na msichana yule alikuwa mrefu, mwepesi, halafu ana adabu. Adabu ndiyo iliyomtia wasiwasi zaidi. Mtu mwenye adabu nyingi hivyo anataka nini?

"Mfundishe kila unachojua," kocha alimwambia.

"Sawa, mwalimu," Kufuli akajibu, na moyoni akasema thubutu.

Mazoezi yalipoanza, binti alimfuata. "Shangazi, kwenye penalti unatazama wapi?"

"Macho," Kufuli akasema bila kupepesa. "Mtazame mpigaji machoni. Macho hayadanganyi."

Uongo mtupu. Yeye hakuwahi kuamini macho ya mtu yeyote, golini wala dukani. Alitazama kiwiko cha mkono unaorusha. Mpigaji anaweza kukodolea pembe ya kulia akakufunga kushoto, lakini kiwiko hana pa kukificha. Siri hiyo hakumpa mtu.

"Asante, shangazi," binti akasema.

Kwenye mashindano ya kimataifa walipangiwa chumba kimoja hotelini. Kufuli akachagua kitanda cha karibu na mlango, amwone anayetoka na anayeingia. Shaka ikazidi kumla, maana kila Kufuli alipoingia, mpwa wake aligeuza simu kifudifudi. Anaongea na nani? Kocha? Wakubwa wa chama?

"Baba anakusalimia," binti alisema.

Baba gani huyo wa kusalimia watu kutwa? Kufuli aliitikia salamu, lakini jicho lake lilibaki kwenye simu.

Ikafika nusu fainali. Walikuwa wanaongoza kwa bao moja, mchezo uko ukingoni, wapinzani wakapewa penalti. Kocha akamwashiria binti aingie. Kubadilisha kipa kwa ajili ya penalti moja ni jambo la kawaida kwenye mchezo huu, lakini Kufuli alitoka kama mtu aliyefukuzwa kazi mbele ya wateja.

Walipopishana angeweza kusema neno. Kiwiko, basi. Ulimi ukagoma. Akifungwa, nafasi yangu imepona, aliwaza. Kisha akawaona wenzake benchini, wanawake aliosafiri nao na kuumia nao, wameshikana mikono, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alipofungua kinywa aite, filimbi ilikuwa imeshalia.

Mpigaji alikodolea macho pembe ya kulia. Binti hakushughulika nayo. Alitulia, akangoja, kisha mguu wake wa kushoto ukaruka juu, mpira ukagonga ugoko na kutoka nje.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa kelele na vicheko. Kufuli akamvuta mpwa wake pembeni, kwenye masinki.

"Ulitazama wapi?"

Binti akaangalia chini. "Kiwiko, shangazi."

"Nani kakuambia? Kocha?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuona wewe."

Akatoa simu. Ndani zilikuwa video za mechi za Kufuli, za miaka na miaka, alizorekodi baba wa binti kutoka jukwaani. Kwenye kila penalti shingo ya Kufuli iliinama kidogo kufuata kiwiko cha mpigaji, wazi kabisa kwa yeyote mwenye subira ya kutazama.

"Kwa hiyo ulijua nakudanganya," Kufuli akasema. "Tangu lini?"

"Tangu hujanidanganya bado. Nilipoitwa kikosini baba aliniambia, shangazi yako mwangalie, usimsikilize."

Kufuli akashika ukingo wa sinki. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake yule kwa mikono yake baada ya mama yao kufa. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Kufuli hakuwahi kumshuku, ni huyo. Akajilazimisha kutabasamu.

"Si alikuwa anatania? Unamjua baba yako. Alisema huku anacheka?"

Ilionekana binti anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima, na haipati.

"Hapana, shangazi, hakucheka," akasema. "Na mimi siku ile mazoezini nilikuuliza nikitumaini amekosea."