Alama ya Unyayo wa Kanga

Saa tatu asubuhi, jua la Mbeere limeshaanza ukali wake, na Mzee Nthiga Jeremia amekaa uani kwake, ameubana mzinga katikati ya magoti kama anayemnyoa mtoto mtundu. Mkononi ana patasi. Kando yake chuma chembamba cha kuchomea alama kimelala kwenye makaa, ncha yake imeiva nyekundu.

Anakitazama chuma. Anachonga kidogo. Anakitazama tena.

"Hii ikipoa, naweka moto tena," anasema, akijicheka. "Tangu juzi. Mkono unakataa."

"Si mkono," mkewe, Igoki, anamjibu kutoka jikoni bila hata kuchungulia. "Ni Jumapili."

Igoki hajakosea. Jumapili hii ya Agosti 1996, wazee wenzake wa kanisa wanataka jibu. Ama Nthiga afute alama aliyoirudisha kwenye mizinga yake, ama aachie uzee wa kanisa alioushika kwa miaka kumi na miwili.

Alama yenyewe ungeipita bila kuiona: mistari mitatu inayokutana chini, mfano wa unyayo wa kanga kwenye vumbi. Ilikuwa ya baba yake, marehemu Njue, na kabla yake ya babu. Katika nyanda hizi kavu zinazoteremka kuelekea bwawa la Kiambere, mzinga huning'inizwa popote penye mti mzuri, hata kwenye shamba la mtu mwingine. Kinachosema ni wa nani ni alama tu.

Nthiga, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, amechonga mizinga tangu akiwa na miaka kumi na minne. Hutumia mukau, mti ambao mchwa huupisha. Mzinga mmoja huuzwa shilingi mia mbili na hamsini. Mvua ikiwa njema, mizinga yake mwenyewe humpa madebe sita ya asali kwa msimu. Mvua ikigoma, humpa miiba ya nyuki.

Ujanani aliamini kwamba alama ile ina masikio. Baba yake hakupandisha mzinga mtini kabla ya kumwaga muratina, pombe ya asali, kidogo shinani na kuzungumza na waliotangulia. Mwizi akigusa mzinga wenye alama, watu walisema, tumbo lake litavimba.

Aliwahi kuona tumbo lililovimba?

"Sikuona," anakiri. "Lakini hata mwizi sikuona."

Mwaka 1978 alihudhuria mkutano wa injili huko Siakago, akaokoka, akarudi nyumbani kwa miguu akiimba njia nzima. Alichukua jina la Jeremia na kuliacha la Nthiga kabisa.

"Ukimwita Nthiga anakuangalia kama umemwita mbuzi," Igoki anasimulia, safari hii ametoka na kukaa kwenye kigoda, maana hadithi hii anaipenda. "Mimi nikasema, sawa, mimi nitamwita Baba Njue. Hapo akashindwa. Mtoto tuliyempa jina la babu yake si yuko?"

Mhubiri alikuwa amesema kila kilichofungamana na mizimu kiondolewe. Mizinga hakuitaja hata mara moja. Hiyo Nthiga aliiongeza mwenyewe. Kwa siku tatu alipanda miti, akakwangua unyayo wa kanga kwenye mizinga arobaini na miwili, na mahali pake akachora msalaba. Aliyemshikia kamba alikuwa Kivuti, jirani yake na rafiki yake tangu walipotahiriwa pamoja, aliyeokoka siku ileile. Walipomaliza mizinga ya Nthiga wakaenda kwenye ya Kivuti. Kwa kuwa Nthiga ndiye fundi, yeye ndiye aliyekwangua, na yeye ndiye aliyechora msalaba huko pia.

Msomaji ameshaona kulivyo mbele. Wao hawakuona. Walikuwa na furaha, na furaha haihesabu.

Msimu wa mwaka 1981, jioni moja, Nthiga alifika chini ya mgunga na debe lake, akamkuta Kivuti amekwea, kijinga chenye moshi mkononi.

"Shuka, ndugu. Huo ni wangu."

"Ni wangu, ndugu. Huoni msalaba?"

"Huo msalaba ni mimi nilichora!"

"Na ya kwangu, si ni wewe ulichora?"

Kesi ikafika kanisani. Kila mmoja aliweka mkono juu ya Biblia, kila mmoja akaapa, na kila mmoja aliamini moyoni kwamba anasema kweli. Mchungaji wa wakati huo aligawa asali nusu kwa nusu, jambo lililowaudhi wote wawili sawasawa. Tangu siku hiyo wanasali chini ya paa moja la mabati na hawasalimiani. Mizinga ya majirani ambao hawajaokoka, yenye alama za baba zao, haikugombaniwa na mtu.

Hilo ndilo lililoanza kumsumbua Nthiga. Halafu ukaja ukame wa 1984. Nyuki walihama, mizinga ikabaki mitupu. Usingizi ukamtoka: baba yake amekasirika. Mchana mmoja alificha kibuyu cha muratina ndani ya koti, akaenda porini, akamwaga shinani huku akigeuka nyuma kila mara asije akaonekana na ndugu wa kanisa. Alipomaliza alipiga magoti palepale penye unyevu, akamwomba Mungu msamaha.

"Siku hiyo niliogopa pande mbili," anasema. "Huku baba, huku Mungu. Mimi katikati kama panya."

Mvua ilipofika ilinyesha kwa wote.

"Yule alimwaga, akanyeshewa. Yule hakumwaga, akanyeshewa. Yule aliomba, na yule mlevi wa pale sokoni, wote. Nikakaa chini nikafikiria: kumbe huyu Mungu si mtu wa kuvizia watu."

Woga ukapungua, asema, lakini hakuwa na la kuweka mahali pake. Aliendelea kusali, akachaguliwa mzee wa kanisa, akaitika tena jina la Nthiga bila kutangaza. Msalaba ukabaki kwenye mizinga, na ugomvi ukabaki mahali pake.

Mpaka mwaka jana. Igoki alikuwa akimtoa kuku aliyeatamia ndani ya kipande cha mzinga mkuukuu kilichokaa jikoni miaka na miaka. Masizi yakabanduka, na unyayo wa kanga ukajitokeza, ule mmoja uliosahauliwa. Nthiga alikipakata kipande hicho mpaka kuku akachoka kusubiri.

"Alilia," anasema Igoki.

"Ni moshi."

"Moto ulikuwa haujawashwa, Baba Njue."

Mzee anainamia mzinga wake, anapuliza vumbi la mbao.

"Nilifikiri nimetoa shetani," anasema hatimaye. "Kumbe nilitoa baba yangu. Hii kitu si sala. Ni jina. Alikuwa anaambia majirani, mimi niko, na hii ni kazi yangu. Sasa mimi nikaenda nikamfuta kwa miti arobaini na mbili, na nikaimba."

Leo amebakiwa na mizinga kumi na tisa, na yote ameirudishia unyayo. Huu anaochonga ni wa ishirini.

Katibu wa kanisa, Antony, kijana mpole aliyesomea Embu mjini, haoni jambo hili kuwa jepesi hivyo. "Mzee tunamheshimu sana," anasema. "Lakini vijana wataona nini? Leo ni alama, kesho ni kumwaga pombe. Mahali pa kusimama ni wapi?"

Ni swali la haki, na Nthiga mwenyewe hujiuliza. Bado husali kila asubuhi. Bado pia, akishavuna, huacha sega la kwanza chini ya mti kama baba yake alivyofanya. Ni la nani?

"Nyegere hula," anajibu. Anatabasamu. "Baba alisema ni ya wazee waliotangulia. Mimi naacha tu. Mwenye kula simuulizi."

Kisha anainuka, anaingiza mkono chini ya paa la jikoni na kuchomoa chuma cha pili, kimefungwa kwa kipande cha gunia. Ncha yake si unyayo wa kanga. Ni upinde wenye mistari miwili chini yake: alama ya baba wa Kivuti, ile aliyoikwangua Nthiga kwa mkono wake. Alimwagiza mhunzi akitengeneze tangu Juni.

"Nimepanda miti yenye nyoka," anasema. "Lakini hiyo njia ya kwenda kwa Kivuti, mashamba mawili tu, imenishinda miaka kumi na tano."

"Si uende, basi," anasema Igoki. "Jumapili itakukuta hapa ukipuliza makaa."

Saa nane mchana, anakwenda.

Kivuti yupo uani, anapepeta mbaazi. Anamwona, anaendelea kupepeta. Nthiga anaingia bila kupiga hodi. Ananyoosha mkono na chuma. Kivuti analifungua gunia. Anakigeuza chuma huku na huku, anapitisha kidole kwenye ncha.

"Huu mstari wa chini," anasema mwishowe, "umeufanya mrefu. Wa baba ulikuwa unaishia hapa."

"Tunaukata," anasema Nthiga.

"Tunaukata. Kaa chini."

Jua linaelekea kushuka Nthiga anaporudi kwake. Hakai. Anakichukua chuma chake mwenyewe kwenye makaa aliyoyachochea Igoki, anakikandamiza kwenye mukau, na moshi mtamu wa mti unapanda. Unyayo wa kanga umetulia pale, mweusi, umenyooka.

Na Jumapili?

"Nitawaambia vile nimekwambia. Wakiniachia kiti, nitashukuru. Wakinitoa, nitakaa benchi la nyuma na watu wengine." Anaupangusa mzinga kwa kiganja. "Kivuti anakaa huko nyuma. Amesema atanisogezea nafasi."