Kifuniko cha Mtungi wa Mama Mkwe

Mafundi walipokuja kubadilisha bati za jikoni, walishusha vitu vya darini: vikapu, jembe bovu, na mtungi wa pombe wa marehemu mama mkwe wangu. Nikaanza kufuta masizi kwenye kifuniko chake. Ikatokea mistari myembamba ya kuzunguka, na karatasi nyekundu. Nikakaa chini. Ilikuwa santuri.

Niliijua. Mdogo wake mume wangu, mlamu wangu, alirudi nayo kutoka migodini Afrika Kusini. Bluzi, aliita, muziki wa Wamarekani weusi. Gitaa la umeme linalia kama mtu aliyefiwa. Siku moja ikapotea. Mlamu akasema kaka yake kaiuza. Mume wangu alikana mpaka anaingia kaburini. Kaburi lenyewe mlamu alilichimba, akazika, akaondoka bila kunawa mikono. Tangu ugomvi ule hajala kwetu. Na asiyekula kwako hajakusamehe, hata akikuchekea.

Nikimpelekea hii, si atasema tulikuwa nayo siku zote? Marehemu ataitwa mwizi mara ya pili.

"Mama, ibandue uioshe, inanuka," binti yangu akasema.

"Iguse uone."

Mama mkwe alikuwa akiziba mitungi yake kwa unga uliokandwa. Hii nayo kaiziba ukingoni, hata kale katundu ka katikati kakaziba. Aliona kitu cha mviringo kinaenea mdomo wa mtungi, basi. Unga umekauka na alama za vidole vyake. Kidole cha shahada hakipo. Alikatwa na panga tangu usichana wake. Mimi niliona hivyo. Lakini je, mlamu ataona? Macho yenyewe ya uzee, na hasira za miaka yote hiyo.

Nikamwita. Alikuja na bodaboda kutoka Bombambili, kwapani ana ganda tupu la santuri. Nyumbani kwake amelitundika ukutani ili kila mgeni aulize.

Akasimama mlangoni. "Kaka kairudisha, mlamu?"

"Kaka yako yuko ardhini. Muulize mama yako, huyo hapo kwenye mtungi."

Akachuchumaa. Akaweka vidole vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja, akafika pale penye pengo, akasita. Maharage yalichemka yakamwagika motoni, sikuinuka. Nilikuwa nikiangalia mgongo wake tu, maana uso alikuwa kauinamisha.

"Mpaka kitundu kaziba," akasema mwishowe. Akavuta kamasi. "Mlamu, gitaa langu limelewa pombe miaka yote hii."

Sikucheka. Ningecheka vipi, wakati sijajua kama amesamehe?

Akasimama kwa shida, ameshika kiuno, akachungulia jikoni.

"Hayo maharage yanaungua. Kuna maji ya kunawa?"

Binti akakimbilia birika. Nikamnyang'anya. Nilimmiminia mwenyewe, na maji mengine yakaenda kwenye viatu vyake.